Kumfundisha fundi mambo ya kidijitali: chuoni, saiti, au kwenye simu yake?

Jioni moja mhandisi wa miundo alibadilisha nguzo. Ilikuwa milimita 300 kwa 300, ikawa 300 kwa 450. Mchoro mpya ukatumwa kwenye kundi la WhatsApp la saiti saa mbili usiku. Asubuhi nilipofika nilimkuta fundi wa nondo keshakunja ringi zaidi ya mia moja, yaani vile vyuma vinavyozunguka na kufunga nondo za nguzo ndani ya zege, zote 250 kwa 250, kazipanga kivulini mafungu ya kumi kumi. Kazi ya mikono ilikuwa safi, kila kona imekaa sawa. Ila zilikuwa ringi za nguzo ya zamani.

"Fundi, ramani hii ni ya lini?"

"Si ndiyo hii mliyonitumia, injinia?"

Akanipa simu nione. Ni kweli, ndiyo tuliyomtumia, wiki mbili nyuma. Ile mpya ilikuwa palepale kundini, haijafunguka kwa sababu bando lilikata usiku, na majina ya mafaili hayo mawili yalitofautiana kwa tarakimu moja tu ya mwisho. Fundi yule alikuwa na zaidi ya miaka ishirini kwenye nondo, na hakuna aliyewahi kumwonyesha pa kutazama ili ajue mchoro upi umefuta upi. Tulipoteza nondo na siku nzima ya watu watatu. Kilichoniuma zaidi ni namna mzee yule alivyonyamaza, kama mtu aliyeambiwa hajui kazi.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta njia ya kufundisha, na nimeona nne zikijaribiwa: kozi ya chuoni, mafunzo ya palepale saiti, kujifunza mwenyewe kwa video na makundi ya simu, na mafunzo yanayotolewa na anayeuza programu au kifaa. Ninayoyaandika hapa ni kwa mtu anayepaswa kuchagua: mkandarasi mdogo mwenye genge la watu ishirini, msimamizi wa saiti, mwalimu wa ufundi, au fundi mwenyewe anayeona kazi zinampita. Kwa mafundi walio wengi mimi nachagua saiti. Nitaeleza kwa nini, na pia mahali ambapo saiti haitoshi.

Pengo lenyewe liko wapi

Watu wakisikia ujuzi wa kidijitali kwenye ujenzi, fikra huenda moja kwa moja kwenye droni na BIM, yaani ule mfano wa jengo ndani ya kompyuta ambamo kila nguzo na kila bomba lina taarifa zake. Hiyo ni ngazi ya juu. Ngazi ya kati ni ripoti ya siku, hesabu ya vifaa kwenye jedwali la Excel, fomu ya ukaguzi inayojazwa kwenye simu. Chini kabisa kuna mambo ambayo hayana hata jina la kozi: kufungua faili, kukuza mchoro, kutambua toleo jipya, kupiga picha inayothibitisha kitu, kutunza namba ya siri. Ringi zile zilipotea kwenye ngazi ya chini kabisa. Kwa niliyoyaona, hasara za kila siku nyingi hutokea huko, ilhali fedha za mafunzo zikipatikana hupelekwa juu.

Shinikizo nalo linatoka juu. Uingereza ilianza kudai BIM kwenye miradi ya serikali kuu mwaka 2016. Brazil ilitoa amri mwaka 2020 yenye hatua tatu, ya 2021, ya 2024 na ya 2028, na Vietnam ikatangaza ratiba yake mwaka 2023. Wakandarasi wa nchi zinazoendelea wanakimbilia programu kubwa ili wasikose zabuni, na siwezi kuwalaumu. Lakini mfano mzuri wa kompyuta unaoishia mezani kwa mhandisi haujamsaidia anayekata nondo. Yeye bado yuko kwenye WhatsApp ya jana.

Siku ya mafunzo inalipwa na nani?

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana sana, na ndipo ninapoanzia kila nikiulizwa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wafanyakazi wote duniani, wako kwenye ajira isiyo rasmi. Saiti za nchi zinazoendelea zimejaa watu hao. Fundi analipwa kwa siku au kwa kipande cha kazi. Hana likizo ya masomo wala ofisi ya kumlipia ada. Asipoonekana saiti Jumatatu, Jumanne nafasi yake ina mtu mwingine.

Kozi ya chuoni ya wiki mbili, hata ikiwa ya bure, inamgharimu ujira wa wiki mbili na nauli juu yake. Ndiyo maana utaona darasa likianza limejaa, na wiki ya pili wamebaki wenye mshahara wa mwezi tu. Waandaaji huandika kwamba mafundi hawana ari. Ari wanayo. Wana na watoto wa kulisha.

Saiti inakwenda tofauti. Chukua dakika kumi na tano kila asubuhi kabla watu hawajatawanyika, ndani ya saa zinazolipwa. Kwa siku tano ni saa moja na robo. Kwa wiki kumi na mbili ni saa 15, sawa na siku mbili za darasani. Zinaonekana chache, lakini kila robo saa inafuatwa na siku nzima ya kufanya kile kilichofundishwa, na hakuna aliyekosa ujira.

Video na makundi ya simu havimzuii mtu kazini. Anajifunza usiku, baada ya kutwa nzima ya zege, kwa bando lake mwenyewe. Wapo vijana wanaofika mbali kwa njia hii, na nawaheshimu sana, maana najua wanasoma wakiwa na uchovu wa namna gani. Ila usipange mafunzo ya watu ishirini kwa kumtegemea kijana mmoja wa aina hiyo. Muuzaji wa kifaa naye hufika siku moja au mbili mashine inapopokelewa, kwa muda wa mwajiri. Kwa upande wa ujira hana tatizo. Tatizo lake liko kwingine.

Kinachobaki baada ya mwezi

Somo la kwanza la saiti ninalolipenda ni hili. Kila mtu anafungua mchoro wa siku kwenye simu. Anashuka mpaka pembe ya chini kulia, kwenye kisanduku cha maelezo, anasoma kwa sauti mambo matatu: namba ya mchoro, tarehe, na herufi ya toleo. Kama mmoja ana B na mwenzake ana C, tumeshapata cha kuzungumza. Kisha tunatafuta nguzo moja, tuseme ile iliyo pale mstari C na mstari wa 3 wa ramani inapokutana, tunasoma vipimo vyake, tunakwenda nayo na tepu mpaka ilipo. Wanapima. Namba ya kwenye kioo na namba ya kwenye tepu zikikutana, mchoro unaanza kuaminika kama pima maji yake mwenyewe.

Somo la pili hutokana na kosa ambalo wazoefu ndio hulifanya. Fundi aliyekulia kwenye michoro ya karatasi amezoea kuweka rula juu ya karatasi. Kwa skeli ya 1:100, sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya jengo, na mkono wake unajua hivyo bila kufikiri. Kwenye simu mchoro unakuzwa na kupunguzwa kwa vidole, kwa hiyo skeli haina maana tena. Hata ukichapwa, karatasi ya A1 ikitolewa kwa A3 kila urefu unakuwa nusu, na 1:100 inageuka 1:200 ilhali maandishi yake bado yanasema 1:100. Mwambie fundi neno moja tu: soma namba iliyoandikwa, usipime picha. Hapo usijifanye unamfundisha mjinga. Mwambie wazi kwamba alichojifunza kwenye karatasi kilikuwa sahihi, na kwamba ni karatasi yenyewe iliyobadilika.

Somo la tatu ni picha ya nondo kabla ya zege. Picha nyingi zinazotumwa ofisini hazithibitishi chochote, ni msitu wa vyuma. Ilaze tepu juu ya nondo ili nafasi ya milimita 150 isomeke pichani, piga moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya slabu, andika namba ya mstari chini yake. Zege likishamwagwa hakuna wa kuona tena, kwa hiyo picha hiyo ni kinga ya fundi kuliko ya bosi. Nikiieleza hivyo hakuna anayesahau.

Darasa haliwezi kufundisha hayo kwa namna hiyo, kwa sababu halina nguzo ya kwenda kupima. Lakini lina meza, kiti na utulivu, na kuna mambo yanayotaka meza. Excel haifundishiki ukiwa umesimama kwenye vumbi. Kadhalika kuchora kwa kompyuta, kupanga ratiba ya mradi, na kutumia ile mashine ya kielektroniki ya wapima ambayo kabla ya kubonyeza chochote inataka uelewe pembe, viwianishi na makosa ya kipimo. Hapo chuo kinashinda bila ubishi, mradi mwalimu awe amewahi kushika kazi.

Video ni nzuri kwa jambo dogo lenye mwisho: namna ya kupunguza ukubwa wa faili, namna ya kusawazisha kifaa kwenye miguu yake. Unarudia mara kumi na haichoki. Haikusahihishi, hata hivyo. Ukielewa kinyume utaendelea na kinyume, na nyingi zimetengenezwa kwa lugha asiyoizungumza fundi, kwa toleo la programu ambalo vitufe vyake viko kwingine. Muuzaji naye hufundisha vitufe vya bidhaa yake. Akiondoka, swali la kwanza lisilo kwenye kijitabu linakwama. Mtumie kwa mashine uliyonunua kwake, na mwombe ruhusa ya kurekodi anapoeleza. Zaidi ya hapo usimtegemee.

Simu ya nani, na vidole vya nani

Kujifunza mwenyewe kunadhani kila mtu ana simu janja, intaneti na faragha. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulihesabu mwaka 2024 kwamba watu wapatao bilioni 2.6, karibu theluthi ya dunia, hawatumii intaneti. Ripoti ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ya mwaka huohuo ilisema wanawake wa nchi za kipato cha chini na cha kati wana uwezekano mdogo kwa asilimia 15 kuliko wanaume wa kutumia intaneti ya simu. Yupo mama anayebeba kokoto na maji ya zege ambaye simu ya nyumbani inashikwa na watu wanne. Ukichagua video peke yake, umemwacha nje kabla hujaanza. Mafunzo ya saiti yanaweza kutumia simu moja kwa watu wawili, na zamu ikafuatwa.

Kuna mambo mengine ambayo walioko ofisini huyasahau. Saruji mbichi ni alkali kali, inakula ngozi, na waashi wengi alama zao za vidole zimefutika. Mfumo wa mahudhurio wa alama za vidole unawakataa asubuhi, na mtu anahesabiwa hayupo ilhali amesimama getini. Wape namba ya siri. Jua la saa sita linafuta kioo, kwa hiyo ramani isomwe asubuhi au kivulini. Simu ikijaa picha za familia, kinachofutwa kwanza ni faili la kazi, kwa hiyo wafundishe kufuta toleo la zamani siku linapokuja jipya. Hilo peke yake lingeokoa zile ringi.

Kwa asiyesoma kwa haraka, ujumbe wa sauti ni daraja la haki kabisa. "Nguzo C3, nondo kumi na sita, zimekosa mbili" ni ripoti kamili. Kwa ngazi ya kati zipo fomu za simu kama ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008 na inayotumika bila malipo. Unaijaza bila mtandao, inajituma mtandao ukipatikana. Kwa saiti iliyo mbali na mnara, programu ya bei kali inayodai intaneti muda wote haiifikii.

Mwalimu wa saiti ni nani?

Udhaifu mkubwa wa njia ninayoipenda uko hapa. Mhandisi ana haraka, na mbele yake watu huogopa kuuliza. Nyapara mkali atageuza somo kuwa mtihani wa kumwaibisha mtu. Mwalimu akikosea, kosa linaenea kwa genge zima kabla ya chai. Na mradi ukichelewa, dakika kumi na tano ndizo za kwanza kukatwa.

Kilichonifaa ni kuwaweka wawili wawili. Saidia fundi kijana anajua simu lakini hasomi ramani. Fundi mzee anasoma ramani lakini simu inamtoroka. Kijana afungue na kukuza, mzee asome na kueleza. Hakuna aliyeshushwa, kila mmoja ana cha kumpa mwenzake, na kijana anasema "shikamoo" yake kama kawaida kabla ya kumwonyesha mzee pa kugusa. Baada ya wiki chache niliona wazee wakifungua wenyewe, na vijana wakianza kuuliza maana ya mstari wa vitone. Hicho cha pili sikukitarajia, na pengine ndicho kilichokuwa na thamani kubwa zaidi.

Cheti

Chuo kinampa mtu karatasi. Saiti haimpi. Kwa mtu anayehama mradi hadi mradi, karatasi ni kitu kikubwa, na anayeidharau kwa kawaida tayari anayo. Brazil ina SENAI, taasisi ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, tangu 1942, inayoendeshwa kwa mchango unaokatwa kwenye mishahara ya viwanda, kwa hiyo mafunzo hayamwangukii mwajiri mmoja. Pasipo na mfuko wa namna hiyo, ulizia kama mamlaka ya ufundi ya nchi yako inatathmini ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti. Nchi kadhaa zinafanya hivyo. Kabla ya tathmini, mwandalie fundi kumbukumbu: picha zake za ukaguzi, ripoti zake, michoro aliyoifanyia kazi. Hapo saiti na chuo vinakutana.

Waajiri huniambia, "nikimfundisha ataondoka." Wengine wataondoka. Lakini robo saa ya asubuhi haikukugharimu kitu cha kulilia, na asiyefundishwa akibaki anakunja ringi za mchoro wa zamani kwako.

Mimi ningechagua hivi

Mwashi, fundi nondo, seremala wa mbao za zege, kibarua: saiti, wawili wawili, kwa miezi mitatu, ngazi ya chini tu. Usiwape BIM. Waonyeshe mfano wa jengo kwenye kioo kikubwa siku moja ili waone wanachojenga, inatosha.

Nyapara na mtunza stoo: aanzie saiti pamoja na genge, kisha kozi fupi ya jioni au ya mwisho wa wiki ya Excel, fomu na kupanga mafaili. Huyu ndiye ningemlipia kwanza kama fedha ni ya mtu mmoja, kwa kuwa kila mchoro unapitia mkononi mwake. Kabla ya kulipa ada, omba kuona chumba cha kompyuta, uhesabu mashine zinazowaka, na uulize kama mwanafunzi anaruhusiwa kuja na kazi ya saiti yake. Wakikwepa swali hilo la mwisho, tafuta chuo kingine.

Mpima na mchoraji: chuo, kozi ndefu, bila njia ya mkato. Video zimsaidie baada ya kozi.

Fundi anayejitegemea, asiye na mwajiri wa kumfundisha: video na makundi, lakini chagua jambo moja tu, na ulifanye kwenye kazi uliyonayo wiki hiyohiyo. Ukijifunza jedwali, liwe la vifaa vya mteja wako wa sasa. Tafuta pia mtu mmoja wa kukusahihisha, hata kwa ujumbe wa sauti.

Njia yoyote utakayoshika, ipime hivi baada ya mwezi. Subiri siku ambayo mchoro umebadilika kweli, utume jioni kama kawaida, usiseme neno. Asubuhi pita kwa kila fundi kabla hajakata chuma na umwombe akuonyeshe anachofanyia kazi. Hesabu walio na toleo jipya. Walio na la zamani, keti nao palepale kwenye benchi la kukunjia nondo, mfungue simu pamoja, mtafute ni wapi lilikwama: bando, jina la faili, au nafasi ya simu. Somo la kesho asubuhi liwe hilo.